Jinsi Wamae Alivyoinyamazisha Kutus

Sogeeni, enyi wana wa Kirinyaga na Nyeri, mlio na nafasi na msio na nafasi. Wekeni chini majembe na simu zenu, msikie habari za Wamae wa Endarasha, mtayarishaji wa nyimbo na filamu, Simba wa Studio ya Chumba Kimoja, aliyepiga picha za harusi na mazishi ya wengine miaka mingi ili siku moja atengeneze filamu yake mwenyewe.

Filamu hiyo ilikuwa tayari, ila wimbo wa mwisho. Naye mwimbaji, Nyawira, ambaye sauti yake iliwahi kuwatuliza hata walevi wa sokoni, alikuwa anaondoka siku hiyo kwenda kazi Uarabuni kwa miaka miwili. Wamae alihitaji dakika nne za kimya. Na nyuma ya ukuta wa studio yake, pale mjini Kutus, alikaa adui, mashine ya kusaga ya Kihara, iliyonguruma kama majeshi yanayovuka daraja la mbao.

Shujaa akatoka, akasimama mbele ya foleni ya akina mama na madebe yao ya mahindi.

"Ewe Kihara, bwana wa unga na vumbi! Nipe dakika nne, na jina lako litaandikwa kwenye filamu, wajukuu wako walisome!"

"Wamae," akajibu Kihara, mweupe wa unga hadi kope, "hii mashine nikizima, hawa wamama watanisaga mimi."

"Kwani ni Kihara peke yake ako na wajukuu?" akauliza Mama Tabby, jemadari wa foleni.

"Majina yenu yote, mama! Yote!"

"Basi zima, Kihara. Ugali itangoja."

Mashine ikafa. Nyawira akavuta pumzi.

Lakini ole! Kutus nzima, kusikia mashine imenyamaza ghafla, ilijua jambo moja tu: stima imepotea, umeme umekatika mji mzima. Kinyozi akavuta kamba ya jenereta yake. Mwenye friji ya maziwa akavuta. Fundi wa kuchomelea akavuta. Badala ya adui mmoja, watatu!

"Wamae, gari yangu ndiyo hiyo inakuja," akasema Nyawira. "Nitaimba saa ngapi?"

"Stima iko!" Wamae akapiga kelele barabarani. Nani angemsikia? Ndipo akaikamata taa kuu ya filamu, akauburuta waya wake kupitia mlangoni na katikati ya madebe, akasimama barabarani jua likiwa utosini, akaiinua juu ikiwaka.

"Ati huyu ameshikwa na nini?" akashangaa kinyozi. "Aii! Kumbe stima iko!"

Jenereta zikazimwa moja baada ya nyingine, kama majeshi yanayotupa ngao. Wamae hakuthubutu kuishusha ile taa.

"Kihara! Ingia ndani, bonyeza ile nyekundu ya kurekodi!"

Kihara akabonyeza kwa kidole cha unga. Na kwa kuwa waya ulizuia mlango kufungwa, sauti ya Nyawira ilitoka nje, ikapita juu ya madebe hadi kwa kinyozi, ikamfikia mtayarishaji aliyesimama juani na taa yake juu, nje ya studio yake katika saa kuu ya maisha yake ya kazi. Hakuna aliyekohoa.

Leo Wamae amelala kaburini, kule Endarasha. Lakini uchezeni wimbo huo hadi mwisho: Nyawira akishamaliza, kabla mashine haijanguruma tena, mtamsikia mtu akicheka kwa mbali, barabarani. Ndiye yeye, aliyeinyamazisha Kutus.