Mkono-wa-Radi na Yule Mbeba Sufuria

Jumatatu, 6 Mei

Sura ya kumi na mbili imekamilika na ni moto. Mkono-wa-Radi, shujaa wangu, amevunja lango la mji wa majoka kwa bega moja. Bega la kushoto, ambalo hata silo zuri.

Nieleze kwa faida ya vizazi vijavyo. Mimi ni mpiga pasi katika karakana ya kushona nguo. Kila siku saa nane mchana vyerehani vinapumzishwa nusu saa vipoe, na watu wanafanya kazi za mkono, pindo na kukata nyuzi. Wakati huo Mama Vifungo, mshona vifungo wetu, mwenye sauti tamu kuliko redio, anawasomea hadithi yangu. Mimi siwezi kusikiliza. Niko chumba cha nyuma na mvuke wangu, mlango umefungwa. Nasikia vicheko na makofi tu kupitia ukutani. Yananitosha.

Watu wanauliza nimemtoa wapi Mkono-wa-Radi. Sisemi. Lakini mwenye akili ataona. Kweli yeye ana kimo cha milango miwili, na mimi suruali zangu hununuliwa upande wa wanafunzi. Hayo ni maumbile ya nje. Kwa ndani tuko sawasawa.

Naandika haraka, mke wangu yuko njiani kutoka sokoni. Daftari hili nalificha juu ya kabati, mahali asipoweza kupafikiria mtu. Naweka kiti, juu ya kiti ndoo, juu ya ndoo mimi. Siri kamili.

Jumanne, 7 Mei

Msiba. Nimetoka kuchota maji ya pasi, fundi wa kola akanishika mkono, machozi yanamlengalenga. Akaniambia Kijiko amemmaliza kabisa. Eti jinsi alivyosimama mbele ya joka na mfuniko wa sufuria, hajapata kuona.

Kijiko? Kijiko ni mbeba sufuria wa jeshi. Nimemwandika mara mbili tu. Sura ya pili anamwaga mchuzi. Sura ya tano anajificha nyuma ya pipa. Nilimweka ili Mkono-wa-Radi aonekane mrefu zaidi. Huo mfuniko sijui umetoka wapi.

Baya zaidi ni Lori. Lori ni mkata vitambaa wetu, kifua chake hakipiti mlangoni mpaka ageuke upande. Anatamba karakana nzima kwamba Mkono-wa-Radi ni yeye. Halafu akanipigapiga kichwani akasema na Kijiko ni mimi. Watu wakacheka kwa upendo, jambo ambalo linauma zaidi.

Uamuzi: Kijiko anakufa kesho.

Jumatano, 8 Mei

Nimemzamisha. Mtoni, na sufuria tatu shingoni, ili kusiwe na maswali. Nikampa Mama Vifungo karatasi, nikarudi kwenye pasi roho kwatu.

Saa nane na nusu makofi yakatikisa ukuta. Nikajua wamefurahi kutuliwa mzigo. Nikatoka kupokea pongezi. Wakaniambia nina akili sana, nani angefikiria sufuria zingeelea, na Kijiko azifunge pamoja awavushe askari waliokuwa wanaogopa maji. Wa kwanza kuogopa akiwa Mkono-wa-Radi.

Nikakaa juu ya makoti ya bendi. Ni makoti arobaini meusi ya bendi ya matarumbeta, yanatakiwa Ijumaa. Ikabidi niyapige pasi upya.

Kuna mtu anaichezea kazi yangu. Namshuku Lori.

Alhamisi, 9 Mei

Leo nilimpeleka Kijiko ndani ya kinywa cha joka. Ukurasa mzima, anatafunwa pande zote mbili. Saa nane na dakika tano nikatia mkono mfukoni kutafuta leso, nikakuta sura yenyewe iko humo. Nilichompa Mama Vifungo ni karatasi ya vipimo ya mteja wetu mmoja mnene, mwenye hoteli. Kifua, kiuno, urefu wa mkono.

Nikatoka mbio. Nikaishia mlangoni.

Alikuwa ameshika vipimo vya mwenye hoteli mbele ya uso wake, na anasoma. Anasoma jinsi Kijiko alivyokwenda peke yake pangoni kuliomba joka liwaachie watoto wa mji, sufuria kichwani badala ya kofia, magoti yakigongana. Fundi wa kola alikuwa amesimamisha sindano hewani. Lori anafuta macho kwa kipande cha bitana. Na mimi, nakiri humu tu, nilitaka kujua joka litajibu nini.

Kisha akageuza karatasi akaendelea upande wa nyuma, ambako hakuna kitu.

Watu walipotawanyika nikamfuata. Hakukataa. Akasema, mwanangu, macho yaliniaga tangu mwaka jana. Matundu ya vifungo anayapata kwa vidole, herufi hazishikiki. Basi kila siku anashika yale machache ninayomdokeza nikimpa karatasi, mengine anatunga, na kila akitunga, anayemjia ni yule mdogo, Kijiko. Akaniomba nisimwambie bosi, maana kazi hii ndiyo inayoendesha nyumba yake na hakuna karakana nyingine itakayomchukua. Nikasema nitafikiri.

Nimefikiri. Bosi akijua, Mama Vifungo anapumzika kwa heshima zote, mimi naanza kusoma mwenyewe kwa sauti yangu, na Kijiko anatafunwa kama ilivyoandikwa. Namwambia kesho.

Ijumaa, 10 Mei

Saa nne bosi ametuita wote katikati ya karakana. Mkononi ana koti la bendi. Vifungo sita: vinne vyeusi, viwili vya kahawia. Akainua la pili, hivyo hivyo. Akainua la tatu. Makoti tisa. Kiongozi wa bendi yuko ofisini, amenuna, anasubiri mzigo wake. Bosi akauliza ni nani, maana mzigo ukiwa mkubwa kila mwenye sindano hushona vifungo. Akasema huyo achukue mkoba wake sasa hivi, asionekane tena hapa.

Mama Vifungo alikuwa anapapasa meza akitafuta miwani, ambayo hata haimsaidii. Nikamtazama Lori, mwenye kifua. Lori alikuwa amezama kwenye futi ya kupimia, anaisoma kama gazeti.

Mpango wangu ulikuwa umejileta wenyewe. Kilichobaki ni kunyoosha kidole. Nikapiga hatua mbele. Nikafungua mdomo. Mdomo ukasema ni mimi.

Sijui kwa nini. Nimelichunguza jambo hili tangu nirudi nyumbani na sipati jibu. Nilisikia sauti nyembamba ikieleza kwamba niliviyeyusha vifungo kumi na vinane kwa pasi, nikaogopa kusema, nikashona vingine mwenyewe bila kutazama rangi. Magoti yalikuwa yanagongana. Fundi wa kola anasema aliyasikia. Mkononi nilikuwa na birika la maji ya pasi, na baadaye nikagundua nilikuwa nimeliinua mbele ya kifua.

Bosi akanitazama sana. Alitaka kunifukuza, niliona. Lakini hakuna mwingine hapa anayeweza kuzipiga pasi kola. Akaamua hivi: nivishone vifungo vyote upya kabla ya saa sita. Na kuanzia leo hakuna nguo itakayotoka mlangoni bila mimi kukagua vifungo vyake, kimoja kimoja. Kikikosewa hata kimoja, anayeondoka ni mimi.

Aibu tupu. Mkono-wa-Radi angemning'iniza bosi kwenye msumari wa makoti.

Lori alikuja kunisaidia kung'oa vile vya kahawia. Hakunitazama usoni. Akasema hataki tena kuitwa Mkono-wa-Radi. Angalau amekubali kwamba ni mimi.

Jumatatu, 13 Mei

Karakana nzima inaniita Kijiko. Mpaka bosi. Nimekuta mfuniko wa sufuria umetundikwa juu ya meza yangu ya pasi, umesuguliwa hadi unang'aa. Nimewaeleza kwa upole kwamba wamekosea mhusika. Wakapiga makofi.

Asubuhi sasa nakaa na Mama Vifungo. Namtilia uzi sindano ishirini za siku nzima. Vifungo vyeusi namtengea kwenye bakuli, vya kahawia kwenye kopo, apapase ajue. Nalinda ajira yangu tu, hakuna zaidi. Leo nikatumia nafasi hiyo kumsomea sura mpya sikioni, neno kwa neno, aikariri. Ni ile Kijiko anaangukiwa na mlima. Akaitikia kila sentensi. Mwishoni akauliza swali moja tu: siku ile mbele ya bosi, nilikuwa naogopa? Nikasema sana. Akashukuru, akasema sehemu hiyo alikuwa anaibahatisha.

Saa nane nikaacha mlango wa chumba cha nyuma wazi. Mlima ukaanguka kweli. Kijiko alikuwa ameshatoka, lakini akarudi ndani kumvuta Mkono-wa-Radi, aliyekwama kwa sababu ya mabega. Makofi mpaka vumbi.

Nimefika nyumbani na mawazo tele. Nikavuta kiti, nikaanza kutafuta ndoo. Mke wangu, ambaye ni mrefu, akapita hapo, akanyoosha mkono mmoja juu ya kabati, akanishushia daftari. Nikamuuliza amejuaje. Akasema yeye hajui lolote, baba watoto, ila katika vyote alivyowahi kusoma hajampenda mtu kama alivyompenda yule wa Ijumaa mwenye birika. Kisha akaenda kuosha vyombo.

Msomaji hovyo. Hakuna birika popote katika hadithi yangu.

Kosa nimeshaliona, ni langu mwenyewe: Mkono-wa-Radi ni mfupi mno. Kesho namwongezea futi mbili. Na daftari linahama leo hii. Kuna rafu moja jikoni, ya juu kabisa. Nitahitaji ndoo ya pili.