Nakala kwa Wakubwa Wote

Jumatatu, 14 Oktoba 2002

Nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi. Leo asubuhi askari wamepita mtaani kwetu Nyakabiga wakikusanya Wakongomani waliokimbia vita vya Uvira, ng'ambo ya mpaka. Wamemchukua Sijaona, fundi wetu wa nguo, kwenye baraza yangu mwenyewe, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Eti hana karatasi. Karatasi aliiomba tangu mwezi wa nne, akaambiwa arudi kesho, na kesho hiyo haijafika. Wamemfungia huko Carama, pembeni mwa mji, ndani ya ghala tupu, pamoja na akina mama wenzake, watoto, na mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe. Ijumaa lori litawarudisha mpakani, kwenye risasi zile zile.

Mke wangu Assia amelia. Mwaka wa tisini na tano, sisi tulipokimbia risasi za huku, mama yake Sijaona alitupa chumba Uvira. Hakuna aliyetuuliza karatasi. Alituuliza kama tumekula.

Nimemwambia Assia afute machozi. Namwandikia Waziri.

Jumanne, 15 Oktoba

Barua imekamilika! Chama kimeundwa pia: Haki kwa Wageni. Rais, mimi. Mjumbe, Hamissi fundi baiskeli. Muhuri nimeuchongesha sokoni, wa duara, mizani katikati.

Tatizo ni Hyacinthe. Jirani, karani mstaafu wa ofisi ya serikali, mwenye mashine ya kuchapa. Alikubali kuchapa kwa sharti kwamba jina lake litangulie langu. Tumebishana mpaka chai ikapoa. Akasema, “Mi nilifanya mu biro za serikali, we Rachidi unauzisha sabuni.” Nikamuuliza muhuri ni wa nani. Akaanza kuchapa, jina langu juu.

Pale chini, kama barua yoyote inayojiheshimu katika mji huu, tumeweka nakala kwa: marais, wabunge, maaskofu, masheikh, mabalozi, wakuu wa tarafa. Orodha imemeza karibu ukurasa wote. Habari za Sijaona zimepata mistari mitatu. Assia ameuliza kama nimeandika kuhusu kile chumba cha Uvira. Nimemweleza kwamba nafasi imekwisha.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimezunguka mji mzima kwa baiskeli ya Hamissi. Mnyororo umekatika mbele ya ubalozi, nimesukuma kwa heshima. Nakala zote zimepokelewa.

Barua yenyewe nimeifungia sandukuni. Muhuri umetoka vizuri mno, haiwezekani kumpa mtu. Tena Hyacinthe anainyemelea akwangue jina langu. Wakubwa wote wakisoma nakala, Waziri atakosaje kusikia?

Jioni Assia ametoka Carama kupeleka maharage. Ghala linavuja. Bomba ni moja, maji yanakuja yakitaka. Watoto wanakohoa. Mlinzi amemwita Sijaona mzigo. Mzigo! Nimesusa chakula kwa hasira. Baadaye nimekula.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimefuata majibu. Ofisi ya kwanza, katibu anaitwa Mélissa, amenionyesha nakala yangu imelala vizuri kwenye faili. “Sisi tulipata nakala tu, papa. Tunangojea mwenye kuandikiwa barua aseme.” Ofisi ya pili, vile vile. Ya tatu, vile vile, tena bila kiti. Nimekwenda kwa Waziri mwenyewe. Wameapa kwamba hakuna barua iliyofika.

Uzembe wa ajabu. Mji mzima unajua barua yangu isipokuwa yule niliyemwandikia! Nimerudi nyumbani, tumechapa barua ya ukumbusho. Nakala nimeongeza.

Assia hakungoja ukumbusho. Kwenye baraza kulikuwa na kitambaa cha kijani ambacho Sijaona alikuwa ameshakikata: sare ya akina mama wa Kiriri, mtaa wa wakubwa kule kilimani, ya sherehe ya mahari ya Ingrid, binti wa mbunge. Mahari ni Jumamosi. Upande wa bibi arusi wote lazima wavae kitambaa kimoja. Atakayekuja na kingine atasemwa mpaka siku ya kuzikwa. Assia amejitwika furushi lote, akapanda Kiriri. Nimemwita kwamba mambo ya serikali hayaendi hivyo. Amejibu bila kugeuka, “Baba Anouar, chunga sufuria.”

Ijumaa, 18 Oktoba

Lori lilikuwa limeshawashwa. Ndipo gari likaingia Carama, ndani yake Mama Adélaïde, mke wa mbunge, ameshika mikono ya blauzi isiyo na blauzi. Amemwambia mkubwa wa pale, “Mutu wangu wa nguo iko hapa. Munamupeleka wapi?” Mlango umefunguliwa hapo hapo.

Sijaona hakutoka. Amesema kazi ni nyingi, hawezi bila wasaidizi wake. Huyu ni wa vifungo. Yule wa pindo. Watoto ni wa kuokota sindano. Mzee mwenye ndevu ni wa pasi. Mama Adélaïde ametazama saa, akasema wapande wote. Lori limeondoka tupu.

Haya nimesimuliwa na Assia. Mimi nilikuwa mjini nikigawa ukumbusho. Nimemweleza kwamba bila shaka barua imefanya kazi. Amekwenda kutafuta makaa ya pasi.

Jumapili, 20 Oktoba

Mahari imepita vizuri. Mzee ameunguza blauzi moja, kwa bahati ni ya shangazi asiyependwa.

Ila ruhusa yao ni ya mdomo tu: wakae mpaka harusi ya Ingrid, mwezi wa kumi na mbili. Karatasi bado hakuna. Sijaona amekumbusha kwamba Mama Adélaïde ana mabinti wengine wawili, na Assia ameshaanza kuulizia vijana wenye adabu. Nimeona aibu kwa niaba ya nchi nzima. Watu waliokimbia vita, wanalindwa na kitambaa cha mahari! Haki ingoje wasichana waposwe?

Kwa hiyo naandika tena, kwa ukali zaidi. Safari hii nimeanza na nakala kwanza, nisije nikaishiwa nafasi. Nimeongeza wakuu wa shule.

Sijaona amepita, uzi mdomoni, akauliza kama jina lake limo. Nimemwambia umebaki mstari mmoja: achague, jina lake au salamu za heshima kwa Mheshimiwa. Amecheka, akaniomba ninyanyuke, nimekalia mkasi wake.

Nimeweka salamu. Muhuri umetoka vizuri kuliko wa kwanza. Barua yenyewe nimeshaifungia sandukuni.