Basi la Ghorofa Lisiloruhusiwa Kutembea

Wananchi wote wa Karagwe mnatangaziwa kwamba basi la ghorofa sasa ni urithi wa taifa, na kuanzia leo ni marufuku kulipanda.

Tangazo hilo la mwaka 1988 nililiandika mimi, Katibu wa Kamati ya Hifadhi ya Basi. Basi lenyewe, jekundu na kuukuu, lilikuja kama msaada kutoka Ulaya, likafanya kazi kati ya Omurushaka na Murongo. Chini walikaa wakulima na ndizi zao. Juu tulikaa viongozi, kiitifaki. Bahati mbaya migomba ya kando ya barabara haikujua itifaki. Iliingia madirishani na kutuchapa makofi. Ndipo Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Rugemalira, alipogundua kwamba chombo hicho ni cha kihistoria mno, hakifai kutembea.

Siku ya uzinduzi wa hifadhi hiyo wajumbe wote tulipanda juu kufanya kikao. Mwenyekiti alikuwa akifafanua faida za kutulia, tukasikia watu wanaingia chini. Ni wanaume wa kijiji cha Nyabiyonza, na machela. Aliyelala juu yake ni Speciose, uchungu umemshika tangu jana, mtoto amekaa vibaya.

“Shikamoo, mzee,” mumewe, Sibomana, alimwambia dereva Byabato, aliyebakizwa kulifuta basi vumbi. “Hospitali bado mbali. Mabega yetu yamekwisha.”

“Marahaba. Mshikilieni vizuri.” Byabato akawasha injini.

Mwenyekiti akachungulia ngazini. “Byabato, hili ni la taifa.”

“Na aliye tumboni pia, Mheshimiwa. Rudi ukae, migomba inaanza.”

Kikao hakikuahirishwa. Katika mgomba wa kwanza wajumbe waliinama kwa kauli moja. Katika wa pili Mwenyekiti alipoteza kofia. Baadaye mkungu mzima ulihudhuria.

Hospitalini, muuguzi Pulkeria alimpokea Speciose, kisha akatutazama sisi, majani kichwani. “Na hawa wamepigwa na nani?”

“Wako kikaoni,” Byabato akamjibu.

Tulingoja uani. Sibomana hakukaa hata kidogo. Kilio cha mtoto kiliposikika, niliyafuta macho. Kwenye kumbukumbu niliandika kwamba kulikuwa na vumbi.

Sibomana akamshika Mwenyekiti mikono yote miwili. “Umemleta mwenyewe, Mheshimiwa. Wewe mwenyewe.”

Watu walikuwa wamejaa. Wakapiga makofi. Mheshimiwa Rugemalira si mtu wa kuyaacha makofi yapite bure. Alitangaza papo hapo kwamba sera yetu tangu awali ni kulihifadhi basi kwa kulitembeza, na kwamba hakuna mgonjwa atakayebebwa bila yeye kumsindikiza.

Karagwe ikalishikilia neno lake.

Wiki chache baadaye alikuwa mezani, hajamaliza matoke, watu wa Nyabiyonza wakabisha hodi. Akasema safari hii aende Katibu.

“Hapana, Mheshimiwa,” wakamjibu kwa adabu zote. “Mgonjwa anasema haondoki bila wewe. Kiti cha mbele kule juu tumeshakipangusa.”