Malalamiko Dhidi ya Kidonge Kinachogombana na Chai

Ikuti, Rungwe.

Kwa Muuguzi Atupele, mke wa mwanangu Obed.

Mkwe mheshimiwa,

YAH: KIDONGE CHENU KUITUKANA CHAI YETU

Salamu kutoka huku bondeni. Mvua haijakatika, migomba imesimama, nami ni mzima ila roho. Naandika kwa sababu mila yetu hainiruhusu kukaa nawe chumba kimoja, sembuse kukugombeza ana kwa ana. Basi nakugombeza kwa karatasi, tena kwa heshima zote.

Ulipomletea mke wangu Modesta vidonge vya kuongeza damu, nilisikia kwa masikio yangu ukisema visinywewe na chai, eti chai inazuia dawa isiingie mwilini. Malalamiko yangu ni haya:

1. Chai ndiyo iliyomsomesha mumeo. Nimeichuma kwenye umande na baridi tangu ujana wangu. Leo inaambiwa ni adui wa damu! Haya ni matusi.

2. Maziwa nayo mmeyatia hatiani. Sasa hapa Rungwe tunywe nini, ukungu? Halafu chungwa ndilo limesifiwa, kwamba linakisaidia kidonge. Chungwa lenyewe linaletwa na lori, limetoka huko kwenye joto. Mgeni anakaribishwa sebuleni, wenyeji tunafukuzwa!

3. Tangu tuoane, mimi na Modesta tunakunywa chai pamoja kila asubuhi, kabla ya kuanza kugombana. Sasa nami nimeiacha. Ningeimiminaje mbele ya mgonjwa anayeitamani? Mwezi mzima nakunywa maji ya moto. Nina huzuni, mkwe wangu, na kichwa kinaniuma.

4. Kwa hiyo naomba kidonge kiitwe mbele ya wazee wa kanisa, kipatanishwe na chai. Kikikataa, kirudishwe kiwandani kikafundishwe adabu. Kiwanda nacho kikikaidi, nitakwenda wizarani na kiroba cha majani ya chai, nikae mlangoni mpaka waonje wote, na mlinzi pia.

Msalimie Obed, wajukuu, wagonjwa wote, na wale wanaojisingizia.

Wako mwenye heshima na kiu,
Baba mkwe, Mzee Anyelwisye.

N.B. Loo! Nimeingia jikoni kutafuta bahasha, nikamkuta Modesta na jirani yetu Hellen, birika katikati, wanakunywa chai na kucheka. Kumbe siku ile uliendelea kusema: kidonge kwanza, chai baada ya masaa mawili. Mimi nilikuwa nimeshatokea mlango wa nyuma, kwa adabu ya ukwe. Nimemuuliza mbona hakuniambia. Anasema alidhani nimefunga kwa ajili ya kumwombea, hakutaka kuniharibia mfungo.

Malalamiko yote manne yafute. Barua anakuletea Modesta mwenyewe, kwa miguu, kilima chote kile. Mwezi uliopita hata mlangoni alikuwa hafiki bila kushika ukuta. Ndaga fijo, mkwe wangu, asante sana. Akifika mpe chai, ila muulize kwanza kidonge amemeza saa ngapi.