Kivuko Chetu Hakitakwenda Popote

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati, Mheshimiwa Makamu wa Mwenyekiti huyo huyo, mama mkwe wangu mpendwa uliyeketi kivulini, nahodha, mkunga wetu, waandishi wa habari, na ninyi wananchi mliobaki gatini kwa kuwa viti vya humu kivukoni ni vya wageni rasmi; itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Ndugu zangu, nani asiyekumbuka mvua zilizopita, kivuko hiki kilipochukuliwa na maji hadi kwenye matete, mkunga wetu akiwa ndani, na kule ng'ambo mtoto akapokewa na baba yake, fundi cherehani? Niliumia. Na leo tena mkunga anasubiriwa ng'ambo, ila leo ana serikali! (Mkunga anatazama saa.) Niliunda kikosi kazi, kikaunda kamati ndogo, ikafanya upembuzi yakinifu shirikishi, tukapata dizaini ya kisasa ya kudhibiti myumbo wa chombo: minyororo miwili, nanga mbili za zege, na hesabu zilizothibitisha kwamba kivuko, hata mto ukifurika vipi, hakitasogea zaidi ya mita tatu. Ufanisi wake ni asilimia mia moja na nne. (Watu wa gatini wanapunga mikono.)

Asanteni, nawaona. Kama mlivyoshuhudia, uzinduzi nimeufanya mwenyewe kwa kuikata ile kamba nyekundu, na mkasi uliposhindwa nikaomba panga, maana kiongozi hashindwi na utepe. (Watu wanakimbia kando ya mto wakipiga kelele.) Tazameni wanavyokimbia kwa furaha! Nitapaza sauti, naona mmekaa mbali. (Nahodha anamvuta koti.) Nahodha, maswali ni mwishoni.

Nimalizie kwa shukrani. Naishukuru kamati kwa michoro mizuri iliyotundikwa ofisini kwangu, ambayo kwa kweli ndiyo mradi wote, kwani minyororo yenyewe hatukuwahi kuiagiza, wala nanga. Namshukuru nahodha kwa kutuazima kamba yake ya siku zote, tukaipaka rangi nyekundu ipendeze kwenye picha... Nahodha, ile niliyoikata ni ipi?

(Nahodha: "Ndiyo hiyo hiyo, Mheshimiwa. Sina nyingine.")

(Mkunga anavua viatu, matete anayajua.)

Tusitaharuki. Nikisema "Kivuko", mnajibu "Kimetulia". Kivuko!

(Kutoka mbali sana: "Kimekwenda!")