Ufunuo Nyuma ya Ramani

Jumatatu, 7 Machi 1994
Chumba changu cha maombi hapa mtaani Kikula: mke wangu Germaine, dada yake, viti vitupu. Kwa jirani, Pasta Athanase, watu wanasimama hadi barabarani! Ana nini? Kisa tu. Eti shimo la mgodi lilimwangukia, malaika akamchomoa. Mimi sina kisa.

Jumatano, 9 Machi
Mama Eugénie, Mmormoni wa mtaa wa pili, kaniambia jambo la ajabu. Wenzake wa mwanzo walihubiri miaka kadhaa kabla ya kuchapa kisa cha nabii wao, kijana wa Amerika aliyesali msituni akatokewa na Mungu. Mtume wao mmoja ndiye aliyekichapa kwanza, kijitabu, tena ng'ambo huko Uskoti! Mwingine akakitoa kwa Kijerumani. Nimeuliza hadi chai ikapoa. Kumbe karatasi hufika mbali kuliko mguu! Naona njia.

Alhamisi, 10 Machi
Nimekwenda kusali porini Kamatanda. Wachimbaji wamenifukuza, wakidhani nimekuja kuiba mawe yao ya madini. Sikuona kitu. Nimeandika kwamba niliona mwangaza.

Jumamosi, 12 Machi
Mwalimu Lambert kaniazima mashine ya kuchapia. Karatasi hakuna mjini kote, ila ana rundo la ramani kuukuu za migodi. Nimechapa kisa changu nyuma ya ramani hizo. Sokoni wanaume wamezing'ang'ania! Zimekwisha kabla ya adhuhuri. Hata Athanase kachukua. Utukufu!

Jumapili, 13 Machi
Hakuna aliyekuja. Kwa Athanase pia patupu (afadhali!). Germaine kapeleleza: wote wako Kamatanda na majembe, wanafuata mistari ya ramani. Athanase yuko mbele. Upande wenye kisa changu kausoma mtu mmoja tu, mchimbaji aliyenifukuza. Kaja mlangoni kusema: "Miye nilikuwa pale. Sikuona mwangaza."

Jumanne, 15 Machi
Kwa Mama Eugénie, kutafuta faraja. Nikamuuliza kama visa vya nabii wao vilivyochapwa vinalingana vyote. Akakiri havilingani neno kwa neno. Nabii alisimulia mara kadhaa, na watu wanabishana hadi leo. Kisha akanitazama.
"Lakini yeye alisema kile alichoamini ameona. Weye, Papa Cyrille, uliona nini?"
Nikaondoka kichwa chini.
Swali zito! Nimelitafakari njia nzima, na kosa langu nimelijua: nilikosea mahali. Kesho alfajiri naenda Koni, kwenye mitambo ya umeme. Kule mwangaza hauwezi kukosekana.