Chapa ya Ngamia Wetu Angani

Jumatatu, 6 Juni 1966

Subhanallah! Leo hapa Garissa nimeona puto kubwa kama ngamia aliyepiga magoti likipaa angani. Profesa wa chuo kikuu Nairobi na afisa wa Idara ya Hali ya Hewa walilifungia kisanduku cha vipimo, wakaliachia. Hata askari wa kizuizi cha barabarani walisahau bunduki, wakabaki kukodoa macho. Mimi machozi yalinitoka. Sioni haya kuandika.

Kisanduku kitaanguka porini. Kati yangu na Salat, makarani wa kituo cha hali ya hewa, atakayekileta ndiye atakayekwenda Nairobi kusomea hali ya hewa. Nafasi moja! Lazima iwe yangu. Salat ni mtoto wa Adeer Jelle, ndugu mkubwa wa baba yangu, lakini undugu uko nyumbani.

Hawajui nilichofanya. Kisanduku kina karatasi ya Kiingereza ya kuomba kirudishwe. Mchunga ngamia gani ataisoma? Nikachora juu yake chapa ya ngamia wa ukoo wetu kwa wino mwekundu. Mnyama mwenye chapa akipotea hurudishwa kwa wenyewe, hata vita hivi viweje. Nina akili, wallahi.

Jumatano, 8 Juni

Salat anashinda anachonga penseli. Nikamuuliza mbona hatafuti. Akasema tumekatazwa kutoka nje ya mji kwa sababu ya vita, sasa atafute wapi? Maskini! Nikamnunulia chai.

Profesa ametuonyesha hesabu. Upepo unatoka baharini kusini, unapita juu yetu kwa kasi kuliko gari lolote, unapeleka mvua mpaka India. Juu ya Garissa! Na huku chini tunauana.

Ijumaa, 10 Juni

Kimerudi! Mama Arbia, muuza maziwa, amekileta juu ya ngamia, katikati ya vibuyu vya maziwa. Askari walimzuia tangu asubuhi wakidhani ni bomu. Akawaambia ni mali ya wenye chapa hii. Kisha akakipeleka, kama desturi, kwa mkubwa wa wenye chapa.

Adeer Jelle. Baba yake Salat! Naye kampa mwanawe akilete kituoni. Mtu anasahauje ukoo wake mwenyewe?

Jumatatu, 13 Juni

Salat ameondoka na msafara wa jeshi, amevaa koti langu. Nafasi yake kituoni kapewa mdogo wake, Nunow. Mvivu. Anachonga penseli tu.

Kesho puto jingine, nafasi nyingine! Nimenunua chupa mbili za wino. Safari hii nachora chapa pande zote nne, kubwa, ionekane toka mbali. Huyu Nunow hanitishi hata kidogo. Nimemnunulia chai.